Picha ya Ndani ya Bomba: Vihisi na Usahihi wa Modeli za Mtiririko Mseto

Mtiririko mseto ni mwendo wa maada mbili au zaidi, au hali mbili za maada moja, zisizochangamana, kama vile gesi na kimiminika, ndani ya bomba moja. Hutokea katika mabomba ya mafuta na gesi chini ya bahari, katika mifumo ya kupoza vinu vya nyuklia, na katika mabomba ya Olkaria nchini Kenya, ambako mvuke na maji moto husafiri pamoja kutoka visimani kabla ya kutenganishwa ili mvuke ukazungushe mitambo ya umeme. Mpangilio wa maada hizo hubadilika kulingana na kasi, kipenyo na mwinamo wa bomba: pengine gesi huwa viputo vilivyotapakaa majini, pengine mafunda marefu ya maji hupishana na viputo vikubwa, na pengine maji hubaki kuwa utando ukutani huku gesi ikipita katikati.

Modeli za kompyuta za mtiririko huo hujengwa juu ya kanuni za uhifadhi wa tungamo, momenta na nishati, ambazo hazina ubishi. Ila kwa kuwa haiwezekani kukokotoa mwendo wa kila kiputo katika bomba refu, milinganyo huandikwa kwa wastani, na pengo linaloachwa na wastani huo huzibwa kwa kanuni kamilishi, yaani fomula zinazotokana na majaribio na kueleza jinsi gesi na maji vinavyosuguana na kusukumana. Udhaifu wa modeli hukaa humo. Mabomba mawili yanaweza kubeba gesi ya kiasi kilekile, katika moja ikiwa imesongamana katikati na katika jingine imeambaa ukutani, na modeli iliyopimwa kwa wastani peke yake ikaonekana sahihi kwa yote mawili.

Hatua kubwa ya kulikabili tatizo hilo ilipigwa Rossendorf, karibu na Dresden nchini Ujerumani, ambako Horst-Michael Prasser na wenzake walichapisha mwaka 1998 maelezo ya kihisi cha wavu wa nyaya. Kihisi hicho kina safu mbili za nyaya nyembamba zinazokatiza bomba, safu moja ikipita juu ya nyingine kwa pembe mraba bila kugusana. Nyaya za safu ya kwanza hupelekewa mapigo ya umeme kwa zamu, na zile za safu ya pili huyapokea. Kwa kuwa maji ya kawaida hupitisha umeme na gesi haipitishi, kila makutano ya nyaya hueleza kama hapo pana maji au gesi. Katika bomba la wima la Rossendorf lenye kipenyo cha takriban milimita 195, wavu wa nyaya 64 kwa 64 hutoa picha 2,500 kwa sekunde, kiasi kwamba kiputo kimojakimoja huweza kutambuliwa na ukubwa wake kukadiriwa.

Picha hizo zilithibitisha jambo ambalo wastani ulikuwa umelificha. Akio Tomiyama wa Japani alikuwa ameonyesha kwamba kiputo kinachopanda katika maji yenye kasi isiyo sawa husukumwa na kani ya pembeni, na kwamba mwelekeo wa kani hiyo hugeuka kiputo kinapozidi ukubwa fulani. Kwa hewa na maji katika hali ya kawaida, mpaka huo uko kwenye kipenyo cha milimita 5 hadi 6: viputo vidogo huelekea ukutani, vikubwa huelekea katikati. Modeli iliyovipa viputo vyote kasi moja haikuweza kuonyesha utengano huo hata ingerekebishwa vipi. Ilibidi viputo vigawanywe katika makundi ya ukubwa, kila kundi likiwa na kasi yake. Kwa hiyo picha ilifanya zaidi ya kusahihisha namba ndani ya mlinganyo, kwani ilionyesha mlinganyo uliokosekana.

Hata hivyo, picha nazo zina mipaka. Wavu hukatakata viputo vinavyoupita, hivyo hali iliyo nyuma yake si ile ya mbele. Tomografia ya kapasitansi, inayopima kutoka nje ya bomba bila kuugusa mtiririko, hupata vipimo 66 tu kutoka elektrodi 12, ilhali picha inayotolewa huwa na mamia au maelfu ya pikseli. Sehemu kubwa ya picha hiyo ni makisio ya kihisabati. Mtafiti anayelinganisha modeli na picha ya aina hiyo bila kulizingatia hilo huwa analinganisha makisio na makisio.

Inafaa basi data za vihisi zigawanywe tangu mwanzo: sehemu moja itumike kurekebisha kanuni kamilishi, na nyingine, iliyopimwa kwa kipenyo, kanieneo au vimiminika tofauti, ihifadhiwe kwa ajili ya kuijaribu modeli. Modeli iliyofaulu mtihani wa data zilezile zilizoiunda haijathibitishwa, na haistahili kutumiwa kusanifu bomba ambalo halijawahi kupimwa.