Nani Ajibu, na Ajibu Nini: Uzembe wa Kitabibu na Uwajibikaji wa Daktari Tanzania



Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, vijana wawili wenye jina la kwanza moja walipelekwa chumba cha upasuaji. Mmoja aliumwa goti, mwenzake kichwa. Wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Zaidi ya miaka kumi baadaye, mwanzoni mwa 2018, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta kule Nairobi ilimfungua fuvu mgonjwa ambaye hakustahili kupasuliwa. Mwenye damu iliyoganda kichwani alikuwa mwingine, na wapasuaji walitambua kosa baada ya kuitafuta damu hiyo wakaikosa. Mkurugenzi akapewa likizo ya lazima, wahudumu kadhaa wakasimamishwa kazi, na madaktari wenzao wakalalamika kwamba mzigo wa hospitali nzima umetwishwa watu wachache.

Lalamiko hilo tulisikilize, lakini tusiishie hapo, maana mgonjwa naye ana lake.

Sheria yetu ya fidia kwa uzembe imetokana na sheria ya Uingereza, tuliyoipokea kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Hukumu za huko zilizofuata hazitufungi, ila mahakama zetu huzitazama. Maarufu kuliko zote ni ya Bolam, ya mwaka 1957: daktari hahesabiwi mzembe akifuata utaratibu unaokubaliwa na kundi la madaktari makini wa fani yake. Kwa miaka mingi kipimo hicho kiliwafanya madaktari kuwa mahakimu wao wenyewe. Mwaka 1997, katika kesi ya Bolitho, majaji walisema maoni ya wataalamu yasiyo na mantiki yanaweza kukataliwa. Mwaka 2015, katika kesi ya Montgomery, wakaenda mbali zaidi: mgonjwa aelezwe hatari ambayo mtu wa hali yake angeiona kuwa nzito, hata kama daktari anaiona ndogo. Hapo ndipo fomu zetu za ridhaa zinapopwaya. Mama anasainishwa karatasi akiwa tayari kwenye machela, uchungu umemshika, na ndugu zake wako nje ya geti.

Tuseme basi mgonjwa ameumia na anataka haki yake. Sheria ya Ushahidi inamtaka anayedai ndiye athibitishe. Athibitishe kwa kitu gani, wakati faili liko mikononi mwa anayemlalamikia? Ndani ya faili ndimo mna saa aliyopokewa, dawa aliyopewa, jina la aliyekuwa zamu, na kama mapigo ya moyo wa mtoto yalipimwa au hayakupimwa. Kurasa zikipotea, kesi imepotea. Mawakili tuliomo humu tunaifahamu hali hiyo: mteja anakuja na kadi ya kliniki, risiti na kovu, basi. Kama hospitali ni ya umma, atatakiwa kutoa notisi ya siku 90, amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha afungue shauri Mahakama Kuu. Muda wa madai ya namna hii ni miaka mitatu, na mtu mzima akimaliza mwaka mmoja akizungushwa ofisi hadi ofisi, hakuna anayemrudishia.

Mlango wa pili ni Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo chini ya sheria ya 2017 linaweza kumwonya daktari, kumsimamisha au kumfuta katika rejista. Baraza linailinda taaluma, na linapaswa kufanya hivyo kwa ukali. Ila kumfuta daktari hakumlipii mjane hata nauli.

Upo pia mkondo wa jinai. Kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu kinagusa tiba iliyotolewa kwa uzembe, na panapotokea kifo mashtaka yanaweza kuwa ya kuua bila kukusudia. Nasema wazi kwamba mkondo huu uachiwe makosa ya ulevi kazini, ya kumtelekeza mgonjwa na ya kughushi kumbukumbu. Uingereza imetupa funzo chungu. Dk. Hadiza Bawa-Garba alikuwa daktari wa watoto aliye mafunzoni, ametoka likizo ya uzazi, anabeba kazi za wenzake, na mfumo wa kompyuta wa hospitali umezimika. Mtoto alifariki mwaka 2011. Mwaka 2015 daktari alitiwa hatiani, Januari 2018 akaamriwa kufutwa, na Agosti mwaka huo Mahakama ya Rufani ikamrejesha. Katikati ya hayo, madaktari wengi walianza kuogopa kuandika makosa yao hata kwenye madaftari ya mafunzo. Kosa lisiloandikwa litamkuta mgonjwa mwingine.

Na dawa ya makosa tunayo nyumbani. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, miezi ileile ya mkasa wa Muhimbili, hospitali ya Ifakara ilikuwa miongoni mwa nane duniani zilizojaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Kabla ya kisu, timu inasimama na kutaja kwa sauti: huyu ni nani, anapasuliwa nini, upande upi. Katika hospitali hizo kwa jumla, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Ifakara haikuwa na mashine za London wala Seattle, ilhali orodha ilikuwa moja.

Kwa hiyo napendekeza mambo ambayo Wizara na Baraza wanaweza kuyafikisha bungeni. Mgonjwa au familia yake wapewe nakala kamili ya faili ndani ya siku 14 za kuomba, na faili likipotea, mzigo wa kuthibitisha uhamie kwa hospitali. Hospitali ilazimishwe kumweleza mgonjwa yaliyotokea, kama sheria ya Uingereza inavyodai tangu 2014. Daktari anayeomba radhi asione maneno yake yakigeuzwa ushahidi wa hatia. Massachusetts, Marekani, walitunga kinga ya namna hiyo mwaka 1986. Na chumba cha upasuaji kisichotumia orodha ile, atakayejibu kwanza awe mganga mfawidhi, kabla hajaulizwa aliyeshika kisu.