Kuvitunza Viatu vya Turubai



Viatu vya turubai, ambavyo watu wengi huviita raba, vyajulikana mijini na mashambani. Mtoto huvivaa katika michezo ya shule, kijana huvivaa siku ya mapumziko, na mkulima huvivaa aendapo sokoni. Bei yake kwa kawaida ni nafuu kuliko bei ya viatu vya ngozi, na kwa sababu hiyo wengi hudhani ya kuwa havihitaji kutunzwa. Vikichafuka hulowekwa katika karai usiku kucha, kisha huanikwa juu ya mabati katika jua la saa sita. Baada ya miezi michache soli huachana na kitambaa, na lawama humwangukia mwenye duka. Lakini mara nyingi viatu hivyo havikuuawa na mwendo. Viliuawa na kuoshwa vibaya.

Ili kuifahamu sababu yake, yafaa kujua jinsi kiatu hiki kilivyoundwa. Kina vitu vitatu, na kila kimoja kina adui yake. Cha kwanza ni turubai, yaani kitambaa kizito cha pamba. Hicho hustahimili maji na sabuni, lakini huoza kikikaa na unyevu siku nyingi. Cha pili ni mpira wa soli. Hapo zamani mpira ulinata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi, mpaka Charles Goodyear wa Marekani alipogundua njia ya kuupika pamoja na salfa, akapewa haki ya njia hiyo mwaka 1844. Hata hivyo, mpira haupendi jua kali, wala moto, wala mafuta. Jua huupasua, na petroli au mafuta ya taa huuvimbisha na kuulegeza. Cha tatu ni gundi iliyounganisha mpira na kitambaa. Hiyo hulegea kwa joto, na hudhoofika ikilowekwa kwa muda mrefu.

Sasa na tuangalie namna ya kuosha. Matope yasisuguliwe yangali mabichi, maana yataingia ndani ya nyuzi. Yaachwe yakauke, kisha viatu vigonganishwe nje ya nyumba na kupigwa burashi kavu. Jambo hili ni kubwa hasa kwa watu wa Kiambu na Murang'a, ambako udongo ni mwekundu kwa sababu ya kutu ya chuma iliyomo ndani yake. Baada ya hayo kamba zitolewe na kufuliwa peke yake. Kama kitambaa cha ndani chaweza kutoka, nacho kitolewe.

Maji yawe baridi au ya uvuguvugu, yenye sabuni ya kawaida ya kufulia. Burashi laini, au mswaki wa zamani, uchovywe katika povu na kusugulia sehemu ndogo ndogo, bila kukitosa kiatu chote majini. Ukingo wa mpira hupanguswa kwa kitambaa chenye sabuni.

Wengine hukimbilia dawa kali ya kung'arishia nguo. Dawa hiyo huharibu rangi, hudhoofisha nyuzi za pamba, na wala haiondoi alama za udongo mwekundu. Yaweza hata kuzikaza zaidi. Kwa viatu vyeupe, ni afadhali kupaka maji ya limau na chumvi kidogo juu ya alama, kungoja kitambo, kisha kusuuza vizuri.

Kusuuza ndiko kunakosahauliwa. Sabuni ikibaki ndani ya kitambaa, viatu vyeupe hugeuka rangi ya manjano vinapokauka. Kwa hiyo maji yabadilishwe mpaka yatoke safi. Kisha viatu vikamuliwe kwa kubanwa na taulo kuukuu, vijazwe vitambaa safi ili visipoteze umbo, ulimi uvutwe nje, na viwekwe kivulini penye upepo. Gazeti lisitumiwe ndani ya viatu vyeupe, kwa maana wino wake huambukiza.

Kukauka huko huchukua siku nzima au zaidi. Basi mwenye akili huosha Ijumaa jioni au Jumamosi asubuhi. Chukua mfano wa mtoto aliyesahau mpaka Jumapili usiku. Huviosha upesi, akavitegesha kando ya jiko, akalala. Alfajiri soli imejikunja na kitambaa kimeruka. "Mama, vimekauka lakini havinienei." Mama avitazama, ajibu, "Mwanangu, moto hukausha nyama, haukaushi viatu." Na fedha za kununua vingine hazipo mpaka mavuno.

Mtoto huyo atakwenda miguu mitupu, na hapo hasara si ya fedha tu. Minyoo ya safura huingia mwilini kwa kupenya ngozi ya miguu inayokanyaga udongo mchafu, na funza hujichimbia katika vidole. Kiatu ni ngao. Lakini kiatu kibichi nacho huleta madhara yake: ukungu huota kati ya vidole, ngozi huwasha na kuchubuka. Kwa hiyo miguu ikaushwe vizuri, soksi zibadilishwe kila siku, na viatu vilivyolowa jasho vipumzishwe mahali penye hewa kabla ya kuvaliwa tena.

Mwisho, tundu dogo lishonwe siku ile lilipoonekana, na soli iliyoanza kufunguka ipelekwe kwa fundi kabla ya mchanga kuingia ndani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hakuna hata moja katika haya linalohitaji fedha nyingi. Burashi, kipande cha sabuni, maji safi na kivuli vyatosha. Kinachohitajika ni subira ya siku moja, na mwenye kuitoa subira hiyo hatalazimika kununua viatu kabla ya wakati wake. Kitunze kidumu.