Kuanzishiwa Uchungu: Tujiandae kwa Siku, Siyo kwa Saa

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika kikao cha kamati za afya za sharika, Miyuji, Dodoma. Tunaichapisha kwa ajili ya kamati ambazo hazikuweza kufika na kwa wafadhili wetu.)



Nawashukuru kwa kufika, hasa ninyi mliopanda basi la alfajiri. Nimeombwa nizungumze juu ya mfuko wa dharura wa akina mama wajawazito, lakini nitaanza mbali kidogo. Katika taarifa za kamati nimekutana mara kwa mara na maneno ya namna hii: mama alilazwa ili aanzishiwe uchungu, siku ya pili ndugu wakachoka, nauli ikaisha, wakaanza kudai aruhusiwe arudi nyumbani. Mfuko ulilipa bodaboda ya kumfikisha hospitali, na hapo ukawa umemaliza kazi yake. Nimeona tatizo hapa siyo fedha tu, bali hatujui huduma hii inakwendaje.

Kuanzishiwa uchungu maana yake ni kwamba uchungu haujaanza wenyewe, na wataalamu wameona kuendelea na mimba kuna hatari kubwa kuliko kuzaa sasa. Sababu zinajulikana. Presha imepanda na kifafa cha mimba kinanyemelea. Chupa imepasuka lakini uchungu hauji. Mama ana kisukari. Wakati mwingine, kwa huzuni, mtoto amefia tumboni. Na ipo sababu ya mimba kupitiliza: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 unapendekeza mama aanzishiwe akifikisha wiki 41 kamili, yaani wiki moja baada ya tarehe ya matarajio. Mwongozo huo unasisitiza kwamba kazi hii ifanyike pale tu penye sababu ya kitabibu iliyo wazi. Mume kuwa na safari siyo sababu, na mama kuchoka na tumbo nako si sababu.

Hapo kwenye tarehe ndipo sisi wa Dodoma tunapokwama. Mama anafika kliniki mimba ikiwa na miezi sita, anaulizwa hedhi ya mwisho ilikuwa lini, anajibu ilikuwa wakati wa kuvuna mtama. Kuvuna kwetu kunaweza kuchukua miezi miwili! Mkunga anakadiria, anaandika kwenye kadi, na kuanzia hapo tarehe ile inakuwa kama Amri Kumi. Ikiwa makadirio yamekosewa kwa wiki nne, mama anaambiwa amepitiliza wakati mtoto bado hajakomaa, na mtoto anazaliwa akishindwa kupumua vizuri. Kwa hiyo mnapowahimiza akina mama kuanza kliniki mapema, ndani ya miezi mitatu ya kwanza, msidhani ni wimbo wa Serikali tu. Kipimo cha picha cha mapema kinakadiria umri wa mimba vizuri kuliko cha mwezi wa nane.

Sasa mama amelazwa. Nini kitafuata? Kwanza atapimwa presha na mkojo, mapigo ya moyo ya mtoto yatasikilizwa, na mkunga atapima njia kwa vidole: je, mlango wa kizazi bado ni mgumu na umefungwa, au umeanza kulainika? Hili ndilo linaloamua safari itakuwa ndefu kiasi gani. Mlango ukiwa mgumu, hauwezi kuanza moja kwa moja na dripu. Unalainishwa kwanza.

Kulainisha kuna njia mbili kubwa. Ipo dawa iitwayo misoprostoli. Wengi mtashtuka mkisoma karatasi ya ndani ya boksi, kwa sababu dawa hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Hamjadanganywa, ndiyo yenyewe. Kidonge cha kawaida kina mikrogramu 200, wakati kipimo cha kuanzishia uchungu ni mikrogramu 25 tu, yaani sehemu moja ya nane. Ndiyo maana sehemu nyingine kidonge kinayeyushwa katika mililita 200 za maji, na mama anakunywa mililita 25 kila baada ya saa mbili. Anaweza kutetemeka, kupata joto au kuharisha kidogo. Njia ya pili ni mpira mwembamba, kama ule wa mkojo, unaopitishwa kwenye mlango wa kizazi na kujazwa maji mbele ili uvimbe na kuusukuma mlango ufunguke. Mlango ukifunguka vya kutosha, mpira unatoka wenyewe. Nimewahi kusikia ndugu wakisema mgonjwa wao "kaachiwa mpira tumboni kwa uzembe". Kumbe ndiyo tiba.

Baadaye chupa inaweza kupasuliwa na dripu ya uchungu ikawekwa. Ndani ya dripu kuna oksitosini, homoni ambayo mwili wa mama hutengeneza wenyewe. Mwanakemia wa Marekani, Vincent du Vigneaud, alifanikiwa kuitengeneza maabara mwaka 1953, na mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobeli. Jina lake kwa Kigiriki lina maana ya kuzaa upesi. Jina zuri, lakini msiliamini sana.

Nasema hivyo kwa sababu hii. Utafiti uliofanyika Nagpur, India, na kuchapishwa mwaka 2017, uliwahusisha akina mama 602 wenye shinikizo la damu walioanzishiwa uchungu. Kati ya waliokunywa misoprostoli, 57 katika kila 100 walijifungua kwa njia ya kawaida ndani ya saa 24. Kwa waliowekewa mpira walikuwa 47. Hao walikuwa chini ya uangalizi wa watafiti, na bado karibu nusu hawakuwa wamejifungua kwa njia ya kawaida katika siku nzima. Wengine waliendelea kusubiri, wengine walifanyiwa upasuaji. Kwa hiyo mama wa usharika wako asipojifungua siku ya kwanza, hajarogwa, wala daktari hatafuti kisingizio cha kumpasua.

Niwape ushuhuda wangu mwenyewe. Mwaka 2011 nilikuwa na mimba ya mtoto wangu wa pili, presha ikapanda, nikalazwa katika hospitali ambayo sitaitaja. Niliambiwa naanzishiwa uchungu. Hakuna aliyetueleza itachukua muda gani, na mimi na digrii yangu sikuuliza. Nilimwambia mume wangu kesho atakuwa ameshika mtoto. Kesho ikapita. Usiku wa pili mama mkwe wangu, ambaye ananipenda kama mwanawe, alikuja na chupa ya chai. Ndani kulikuwa na uji wa uwele, na ndani ya uji kulikuwa na mizizi. "Kunywa, mwanangu, utafungua njia." Nilikunywa kikombe kimoja.

Muda si mrefu uchungu ukaanza kuungana, mmoja haujaisha mwingine umefika, hakuna pumziko. Mkunga wa zamu aliweka mkono tumboni, akahesabu, akachukua kile kipimo cha kusikilizia kinachofanana na tarumbeta, akasikiliza kwa muda mrefu. Alifunga dripu papo hapo, akanilaza ubavu wa kushoto, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mama, umekunywa nini?" Nikamwambia. Siwezi kuapa kwamba ni mizizi peke yake, maana dripu nayo ilikuwa inaendelea. Lakini yeye alikuwa anahesabu matone ya dawa moja, na mwilini mwangu zilikuwamo mbili. Mapigo ya mtoto yalishuka. Nilipelekwa chumba cha upasuaji usiku ule ule. Mtoto huyo sasa yuko sekondari, na mama mkwe hadi leo hajui niliulizwa nini. Nawaomba mtunze siri.

Uchungu wa kuanzishiwa mara nyingi huwa mkali na huja kwa kasi kuliko ule wa kawaida. Ndiyo sababu mama hapaswi kuachwa peke yake bila kuangaliwa, na ndiyo sababu kazi hii haifai kwenye kituo kisicho na uwezo wa kufanya upasuaji au kumfikisha mama haraka panapofanyika. Mji wa mimba ukibanwa kupita kiasi, mtoto anakosa hewa, na mji wenyewe unaweza kupasuka. Kwa msingi huo yapo mambo mawili nisiyotaka kuyasikia tena. La kwanza ni ndugu kugusa kile kigurudumu cha dripu "ili iharakishe". La pili ni mama aliyewahi kupasuliwa kuficha kovu. Mwenye kovu la upasuaji hapewi misoprostoli kuanzishia uchungu mtoto akiwa hai. Najua wapo wanaoficha kwa sababu mume wa sasa hajui habari za mtoto wa kwanza. Basi amwambie mkunga faraghani, mkunga ameapa kutunza siri kuliko sisi wazee wa kanisa.

Mama ana haki ya kuuliza kwa nini anaanzishiwa, kwa njia gani, na itakuwaje isipofanikiwa. Isipofanikiwa, si kila mara ni mbio za kisu. Mama na mtoto wakiwa salama, wataalamu wanaweza kupumzisha na kujaribu tena au kubadili njia. Mara nyingine upasuaji ndiyo jibu, na damu inaweza kuhitajika. Mtu wa kuchangia damu hatafutwi saa nane za usiku.

Kwa wafadhili wetu, nanyi nawaomba mtusikilize. Tanzania imepiga hatua: utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakadiria 104. Tunamshukuru Mungu. Lakini msitafute picha ya jengo kila robo mwaka. Oksitosini inatakiwa kutunzwa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na joto la Dodoma mwezi wa Oktoba mnalijua mliotutembelea. Friji inayofanya kazi umeme ukikatika, mashine ya presha isiyodanganya, na mkunga wa pili wa zamu ya usiku ni vitu visivyopendeza kwenye kalenda, lakini ndivyo vilivyoniokoa mimi.

Na kwa kamati: kuanzia sasa mfuko wa dharura hautahesabu safari moja. Utahesabu siku tatu: nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha mama na cha msindikizaji, vocha ya simu, na pa kulala kwa wanaotoka vijiji vya mbali. Penye nyumba ya kusubiria, ile wengi mnayoiita chigonela, mtumieni mama mapema. Fomu mpya mtakazoondoka nazo leo zina nafasi ya jina la msindikizaji wa usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu, na majina mawili ya wachangia damu. Wachungaji wamekubali kutoisaini fomu ambayo usiku wa pili umeachwa wazi. Katibu anazo pale mlangoni, kila usharika ishirini.