Mteuzi na Mteule: Mintarafu ya Asili ya Mvuto baina ya Mume na Mke



Mtu akiulizwa kwa nini amemchagua fulani akamwacha fulani, aghalabu hutaja uzuri, au tabia njema, au nasibu, wala haimpitikii kwamba huko kupenda kwenyewe kuna asili yake. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1871 juu ya asili ya binadamu, alisema kwamba viumbe hawashindanii uhai tu, bali hushindania wenzi pia, na kwamba jike, kwa kuchagua kizazi baada ya kizazi, aweza kumzidishia dume mapambo ambayo katika kutafuta riziki hayamfai kitu. Wengi wa zama zake waliikubali habari ya madume kupigana. Ile ya jike kuchagua waliionea shaka.

Burhani ilipatikana karibu nasi, katika nyanda za juu za Kinangop, nchini Kenya. Huko huishi ndege wa jamii ya kweche, ambaye dume wake, wakati wa kuzaana, huwa mweusi mwenye wekundu mabegani, na mkia wa kadiri ya nusu mita unaoning'inia arukapo polepole juu ya majani, ilhali jike ana rangi ya udongo na mkia mfupi. Malte Andersson, mtaalamu wa Uswidi, aliwakamata madume, baadhi yao akawakata mikia hata ikabaki kadiri ya sentimita 14, na vipande vile akawagandishia wengine kwa gundi. Na ili asije akadanganywa na athari ya mkasi, wako aliowakata kisha akawarudishia mikia yao wenyewe, na wako aliowaacha kama walivyo. Matokeo yake, aliyoyachapisha mwaka 1982, yalionyesha kwamba waliorefushwa mikia ndio waliopata viota vipya vingi zaidi katika milki zao. Na kwa kuwa waliokatwa hawakushindwa kuzilinda milki zao, ilidhihiri kwamba mkia ule ni wa kumvutia jike, si wa kumtisha hasimu.

Je, binadamu? Mwanabiolojia Robert Trivers, mwaka 1972, alitoa kanuni kwamba anayegharimika zaidi katika uzazi na malezi ndiye achaguaye kwa uangalifu zaidi. Na kwa kuwa baba wa kibinadamu naye hulea, kwetu sisi pande zote mbili huchagua. Mwanasaikolojia David Buss alipochapisha mwaka 1989 majibu ya watu 10,047 wa nchi 33 juu ya sifa wazitakazo kwa mwenzi, ilionekana kwamba kwa jumla wanawake waliuthamini uwezo wa kipato kuliko wanaume, na wanaume waliuthamini ujana na sura kuliko wanawake. Tafauti hizi zimevuma mno; lisilovuma ni kwamba katika uchunguzi uo huo, wake kwa waume, wema na akili vilitangulia mali na sura.

Kisha tukumbuke kwamba kweche hana mjomba wa kumpelekea posa. Binadamu huchagua mbele ya wazee, mahari, dini na sheria ya mirathi, na mtafiti hawezi kuviondoa hivyo kwa mkasi. Hana budi kuuliza na kulinganisha. Ndivyo walivyofanya wanasaikolojia Alice Eagly na Wendy Wood, ambao mwaka 1999 waliyapitia upya majibu yale ya Buss, wakaona kwamba penye usawa zaidi baina ya wanawake na wanaume, tafauti yao katika kuthamini kipato cha mwenzi hupungua.

Kwa hiyo, mtu akidai kwamba mwanamke hupenda mali kwa maumbile, na atuonyeshe kwanza jinsi wachaguavyo wanawake wenye ardhi, mshahara na urithi wao wenyewe. Kwani mahali ambapo mke hana mlango mwingine wa riziki ila mume, kumtazama mume mfukoni ni busara ya kuishi, na dai kwamba ni silika linangojea ushahidi wake.