Taa Ikiwaka Kwenye Dashibodi: Mazungumzo ya Fundi na Wenye Magari ya Zamani

Mazungumzo haya yalitolewa na fundi wa magari mbele ya wakazi wa Kambi Muru, Kibera, pamoja na madereva waliotoka Kawangware. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa.

 

Nimeombwa nizungumze juu ya taa zinazowaka kwenye dashibodi ya gari. Najua wapo wanaojiuliza hayo yanamhusu nani hapa Kambi Muru, ambapo wengi wetu hatuna hata baiskeli. Mama akishikwa na uchungu saa nane za usiku, tunambeba vichochoroni hadi barabarani, na kinachomngoja pale ni gari la jirani. Mboga unazonunua asubuhi zimetoka Marikiti ndani ya Probox. Mtoto anapanda matatu ambayo pengine ni kubwa kwake kwa umri. Dereva akifunika taa ya breki kwa kibandiko, wewe abiria ndiwe uliyefunikwa macho.

Magari yetu mengi yalitoka Japani yakiwa yameshatumika. KEBS hairuhusu kuingiza nchini gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Basi gari linakuja na miaka yake 7, linaendeshwa hapa miaka 10, linauzwa mara tatu, ndipo linamfikia dereva wa Kawangware. Kijitabu cha maelezo, kama bado kimo ndani, kimeandikwa Kijapani. Kwa hiyo watu hujifunza taa hizi kwa kuulizana, na kila mtu ana yake ya kusema.

Jambo la kwanza halihitaji fundi wala pesa. Kabla ya kuwasha injini, zungusha ufunguo hadi pale taa zinapowaka, usiendelee. Angalia. Taa ya oili, ya betri, ya injini na ya mfuko wa hewa, zote zinapaswa kuwaka. Kisha washa injini: baada ya sekunde chache zinapaswa kuzimika. Taa inayobaki inawaka inakwambia kitu. Lakini ile ambayo haikuwaka kabisa, hiyo ndiyo iniogopeshayo mimi. Pengine balbu imeungua. Pengine mwenye gari aliitoa ili akuuzie. Nimefungua dashibodi nikakuta utepe mweusi umebandikwa nyuma ya taa ya injini, na nimekuta waya wa taa ya mfuko wa hewa umeunganishwa na wa taa ya oili ili zizimike pamoja. Ukienda kununua gari, fanya jaribio hili kabla hata ya kutazama rangi yake.

Rangi za taa zina maana. Kijani na bluu ni habari tu. Manjano ni kusema gari lipelekwe likaangaliwe siku hizi mbili tatu. Nyekundu ni simama.

Sasa nizungumzie taa ya oili, ile yenye picha ya birika linalodondosha tone. Wengi hudhani inakwambia oili imepungua. Sivyo. Inakwambia oili haisukumwi kwa nguvu ya kutosha kufika kwenye vyuma vinavyozunguka. Oili inaweza kuwa imejaa na taa ikawaka, na ukingoja taa ndipo upime oili, umechelewa sana.

Miaka kadhaa iliyopita jirani yangu wa Kawangware alikuwa na teksi aliyoinunua kwa mkopo. Akaniambia, fundi, nikikwama kwenye msongamano pale Dagoretti Corner taa ya oili inapepesa, nikikanyaga mafuta inazimika. Nilikuwa chini ya gari la mtu mwingine na nilikuwa na haraka. Nikamwambia aweke oili nzito kidogo. Akaweka. Taa ikatulia. Wiki tatu baadaye injini ilianza kugonga kwenye Ngong Road, na kabla ya kufika Adams ikakamata. Tulipoifungua, chujio lililo ndani ya sampu lilikuwa limezibwa na tope jeusi la oili ya zamani, na beringi za shafti zimekwisha. Injini inapozunguka polepole pampu nayo inasukuma polepole, ndiyo maana taa ilikuwa ikipepesa akiwa amesimama. Ilikuwa ikisema kweli. Oili nzito niliyomshauri iliinyamazisha tu. Siku hiyo kufungua sampu na kuisafisha kungekuwa kazi ya nusu siku. Yeye alibaki na mkopo wa miezi 14 bila gari. Bado tunasalimiana, lakini sijawahi kumuuliza aliumaliza vipi.

Kwa hiyo taa hiyo ikiwaka ukiwa barabarani, toka pembeni, zima injini, usisubiri abiria afike. Ngoja dakika chache, vuta kijiti cha kupimia, ufute, urudishe, uvute tena. Oili ikiwa chini ya alama, ongeza. Ikiwa iko sawa na taa bado inawaka, gari livutwe kwa kamba. Na nyinyi wenzangu mnaobadilisha oili kando ya barabara, niwaombe jambo moja: ile chafu msiimwage mtaroni. Maji ya mitaro yetu yanateremka kwenye Bwawa la Nairobi, na watoto wetu hucheza humo njiani.

Joto nalo. Vitz na Probox nyingi hazina mshale wa joto, zina taa mbili: ya bluu injini ikiwa baridi, na nyekundu ikichemka. Bluu ya asubuhi si ugonjwa. Lakini ikikaa bluu hadi umefika mjini, uliza kama kuna fundi aliyekutolea themostati. Wapo wanaoitoa wakisema nchi yetu ni ya joto. Nairobi si nchi ya joto, na injini inayokaa baridi inakunywa petroli zaidi.

Ikija nyekundu, fikiria hivi. Tuko juu sana kutoka usawa wa bahari, karibu mita 1,700 na zaidi, na huku juu maji hutokota yakiwa na nyuzi 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Kinachozuia maji ya redieta yasitokote ni dawa ya kupozea iliyochanganywa nayo, na kifuniko kinachobana mvuke. Kifuniko kikilegea, na redieta ikijazwa maji ya mfereji peke yake, umepoteza vyote viwili. Simama, zima, na usiguse kifuniko kwa nusu saa nzima, kwa sababu maji yale yataruka yakakubabua uso. Wala usiimwagie injini maji baridi. Kichwa cha injini kinaweza kupasuka.

Taa ya betri inadanganya kwa jina lake. Mara nyingi betri ni nzima, ila alteneta haichaji. Kwa kipimo cha umeme, injini ikiwa inanguruma unapaswa kuona volti kati ya 13.8 na 14.4. Kabla ya hapo, fungua boneti utazame kama mkanda upo. Kwenye injini ya 1NZ, ambayo iko kwenye Probox na Fielder nyingi na baadhi ya Vitz, mkanda ule ule unaozungusha alteneta ndio unaozungusha pampu ya maji. Ukikatika, taa ya betri inawaka kwanza, na dereva anasema atafika tu nyumbani, kwani betri ina chaji. Hafiki. Injini inachemka.

Breki. Taa nyekundu ikiwaka, kwanza tazama kama breki ya mkono umeishusha yote. Kisha tazama chombo cha maji ya breki. Yakiwa chini, usiongeze tu ukaondoka. Maji yale hayapungui bure: ama yanavuja, ama padi zimeisha na pistoni zimesogea mbele. Taa ya manjano ya ABS ikiwa peke yake, breki za kawaida zinashika, ila kwenye mvua magurudumu yanaweza kufunga ukateleza. Zikiwaka zote mbili pamoja, usilisogeze gari. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hairuhusu gari bovu barabarani, lakini mimi nawaza zaidi ule mteremko wa Valley Road na matatu iliyojaa.

Iliyobaki ni taa ya injini, ya manjano, inayowakosesha watu usingizi kuliko zote ingawa mara nyingi ndiyo isiyo na haraka. Ikiwaka bila kupepesa, endesha polepole, ukapimwe. Ikipepesa, moto unaruka katika silinda mojawapo na petroli mbichi inapita hadi kwenye ekzosi. Punguza mwendo, usibebe mzigo. Mara nyingi ni plagi au koili.

Wenye Corolla za miaka ya tisini, zile 100 na 110, mna bahati. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo kimeandikwa DIAGNOSIS. Kifungue, utafute tundu la TE1 na la E1, uyaunganishe kwa kipande cha waya, halafu uzungushe ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya injini itaanza kukuhesabia. Ikipepesa mara mbili, ikatua, ikapepesa mara mbili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Mbili kisha moja ni 21, sensa ya oksijeni. Ikipepesa mfululizo bila kutua, haina la kusema. Magari mapya zaidi yana tundu chini ya usukani, na kuna kidude cha kuchomeka kinachoongea na simu yako. Lakini kusoma namba si kujua ugonjwa. Sensa inaweza kulalamika na kosa likawa waya ulioliwa na panya, na panya hapa tunao. Fundi akikwambia nunua sensa, mwombe kwanza akuonyeshe waya. Na akichomoa betri taa ikazimika, akadai pesa, hajatengeneza kitu. Amefuta kumbukumbu tu, na itarudi.

Mwisho kabisa, O/D OFF. Hiyo si ugonjwa. Umebonyeza kidude cha pembeni mwa gia. Bonyeza tena. Nimekutana na mama aliyelipa ili iondolewe. Ikipepesa yenyewe, hapo ndipo gia zina shida.

Maswali nitayajibu tukiwa nje. Nataka watu watatu waliokuja na magari wanipe funguo, wengine mzunguke mtazame taa zinavyowaka. Tuanze na ile Probox nyeupe pale langoni. Nimepita karibu nayo nikaona kitu.