Mtumbwi Juu ya Lori: Sheria ya Kulinda Maji ya Malagarasi



Mtu anaweza kuuliza mitumbwi ina habari gani huku milimani. Tufuate maji. Mvua ya wilaya zetu za Kasulu na Kibondo huteremka kwenye Ruchugi, Muyovozi na Malagarasi, ikaishia Ziwa Tanganyika, na kutoka huko Mto Lukuga huyachukua maji hadi Kongo. Lakini ukishika barabara ya Kakonko kwenda Biharamulo, unavuka mgongo wa nchi: ng'ambo yake maji huelekea Ziwa Victoria na Nile. Samaki hauvuki mgongo huo kwa nguvu zake, wala gugu maji. Lori huuvuka asubuhi moja, likiwa limebeba mtumbwi, nyavu na pipa la vifaranga vya sato. Hoja yangu leo ni kwamba sheria zetu zinamngoja mvuvi majini, ilhali hatari inapita barabarani.

Tunacholinda si kidogo. Ardhioevu ya Malagarasi–Muyovozi, yenye zaidi ya hekta milioni 3.2, iliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, ikiwa ya kwanza kwa Tanzania. Mto wenyewe ni mkongwe. Wanajiolojia wanaeleza kuwa uliwahi kutiririka hadi Kongo kabla bonde la ufa halijaukata, na ndiyo maana hata leo una samaki walio ndugu wa samaki wa Kongo. Humu yumo karomo, jamii ya perege ambaye kwao ni bonde hili tu. Sato wa Nile akiletwa kwa ajili ya mabwawa, kisha mafuriko yakavunja kingo, atagombania mazalio na perege wa asili na hata kuzaa nao. Ukoo uliochanganyika hivyo hautenganishwi tena.

Ziwa Victoria limetupa somo kwa gharama kubwa. Gugu maji, mmea wa Amerika ya Kusini, lilionekana huko mwishoni mwa miaka ya 1980, na Mto Kagera ukaendelea kulileta kutoka juu. Katika miaka ya 1990 liliziba bandari na mialo, hadi serikali za nchi tatu zikaingiza mbawakavu wanaolitafuna. Mbegu zake hukaa kwenye tope miaka mingi zikingoja. Mwanzoni mwa 2025 magugu ya majini yalisumbua safari za kivuko kati ya Kigongo na Busisi. Kuyaondoa kumekuwa kazi isiyokwisha, wakati kuosha chombo kabla hakijaingia majini huhitaji ndoo ya maji na dakika chache.

Tuseme haki, kwani samaki wa ziwa letu pia wamepelekwa kwa wenzetu. Lumbu, dagaa wa Tanganyika, alipelekwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950 na Kariba mwaka 1967 na 1968, na leo analisha maelfu ya watu. Kwa hiyo sisemi kila kigeni ni adui. Nasema uamuzi wa kumhamisha kiumbe ufanywe na watu waliokaa wakapima, usifanywe na tope lililoganda chini ya mtumbwi.

Sheria tunazo. Ipo Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni zake za 2009. Ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Ipo Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020. Nchi nne zinazolizunguka Ziwa Tanganyika zilitia saini mkataba wao Dar es Salaam mwaka 2003, na mwaka 2024 ziwa lilipumzishwa kwa miezi mitatu, ushahidi kwamba makubaliano ya majirani hutekelezeka. Lakini mkazo wa sheria hizo ni leseni, samaki na mmea. Chombo chenyewe, kikiwa juu ya lori, hakitazamwi sana.

Nchini Marekani, baada ya kome vamizi waitwao pundamilia, ambao husafiri na boti, kugunduliwa katika Maziwa Makuu yao mwaka 1988, majimbo yaligeukia barabara. Minnesota humtaka mwenye boti aondoe mimea yote, amwage maji, na asafiri na kizibo kikiwa kimefunguliwa. Majimbo ya magharibi huweka vituo ambako kila boti lazima isimame, na yenye mashaka huoshwa kwa maji ya moto ya nyuzi 60 hivi.

Tusiige bila kupima. Boti nyingi za kule ni za starehe. Mtumbwi hapa ni chakula cha nyumba. Ukimwamuru mvuvi aukaushe mtumbwi wa mbao kwa siku nyingi, mbao zitapasuka. Na sheria inayoanza kwa kuchoma mali huzaa ujanja: mitumbwi itapita usiku.

Napendekeza sheria ndogo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inairuhusu halmashauri ya kijiji kuziandaa, wanakijiji wakatoa maoni yao mkutanoni, na halmashauri ya wilaya ikaziidhinisha. Masharti yawe manne. Mtumbwi unaotoka bonde jingine ukombwe maji na kukwanguliwa tope mbali na mto. Nyavu zianikwe juani mpaka zikauke kabisa kabla ya kutumika. Vifaranga vya samaki visipite bila kibali cha afisa uvuvi. Na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vipewe daftari la kuandika chombo kimetoka wapi.

Adhabu ya kosa la kwanza iwe kuosha chombo mbele ya mashahidi. Faini ifuate kwa anayerudia. Gharama za pampu na sehemu ya kuoshea zibebwe na halmashauri za Kasulu na Kibondo kwa pamoja, kwa sababu mto hausomi mipaka ya wilaya. Bajeti zinaandaliwa kila mwaka. Kazi hii iombewe fedha katika bajeti ijayo, kabla hatujalazimika kuomba fedha za kung'oa magugu.