Makaratasi ya Tenda Yasilale Kabatini

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wafanya kazi, Lubao)



Tulipoombwa tuseme juu ya makaratasi ya tenda, baadhi yenu mlicheka, mkasema hayo ni mambo ya makarani, mtu wa reli ayatakia nini? Twawajibu kwa viatu. Sisi tufanyao kazi juu ya njia huvaa viatu tunavyonunuliwa na ofisi, na ofisi hununua kwa karatasi. Karatasi ikiwa mbaya, kiatu ni kibaya, na mguu ni wetu.

Mwaka mmoja tulipewa viatu vipya, vyeusi, vinang'aa, hata wengine wakavivaa kwenda kanisani. Mwezi wa pili soli zikaanza kufunguka mdomo kama kambare. Mwenzetu mmoja akakanyaga msumari wa taruma kuukuu, ukapenya mpaka nyamani, akakaa nyumbani wiki tatu. Tulipokwenda kulalamika, karani, ambaye hakuwa mtu mbaya, alitufungulia faili. Karatasi ya tenda ilisema hivi tu: viatu vya kazi, vyeusi, vya ubora mzuri. Aliyeuza alileta viatu vya kazi, tena vyeusi. Nani angemshinda?

Ofisi hiyo hatuitaji. Lakini lililotuuma zaidi ni hili: ofisi nyingine ya umma, ambako shemeji wa mwenzetu hufanya kazi, ilikuwa imekwisha nunua viatu vya namna hiyo miaka miwili mbele, na karatasi yake ilieleza kila kitu. Ilitaka ncha ya chuma yenye kustahimili pigo la jouli 200, yaani kama uzito wa kilo 20 uangukao kutoka juu mita 1. Ilitaka soli isiyotobolewa na msumari usukumwao kwa nguvu ya nyutoni 1,100. Hesabu hizo hawakuzitunga wao. Ni kipimo cha kimataifa cha viatu vya usalama, kiitwacho ISO 20345. Karatasi hiyo ilikuwa imelala kabatini, na karani wetu hakujua kama ipo.

Basi fikirini hapa hapa Lubao. Mtu ajapo sokoni kununua mbwa, hanunui kwa kuwa ameambiwa huyu ni mbwa mzuri. Atamfunua meno, atamtazama miguu, atauliza jirani yake alinunua wake kwa shilingi ngapi, na kama analinda boma au analala tu. Hayo yote kwa mbwa mmoja! Kaunti yetu ya Kakamega ina kaunti ndogo 12 na wadi 60. Kuna hospitali, kuna Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kuna shule za sekondari za serikali, na kila shule hujinunulia. Wote wanataka madawati, mabati, gambuti na unga. Kila mmoja huketi peke yake akaandika upya, kana kwamba dawati limebuniwa jana.

Na asiyejua kuandika humwuliza muuzaji. Muuzaji huandika kwa furaha, akipima kiatu chake mwenyewe. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015, kifungu cha 60, yakataza kutaja chapa ya mtengenezaji, ila ikiwa hakuna njia nyingine ya kueleza kitu, na hapo lazima kikubaliwe kilicho sawa nacho. Lakini mwenye hila hana haja ya kutaja jina. Anaandika kimo cha kisigino, basi.

Mtasema, serikali imekwisha toa karatasi za namna moja kwa wote. Ni kweli, na ni jambo jema. Lakini hizo ni gunia. Kilichomo ndani, yaani kiatu chenyewe, kila ofisi hujaza yenyewe. Tena tangu Julai 2018, kwa amri ya Rais, ofisi zatakiwa kutangaza nani amepewa tenda na kwa bei gani. Hilo nalo ni jema, ila bei haikuambii soli ilikuwa ya namna gani.

Wengine watasema hizo ni siri. Hapa tutenganishe mambo mawili. Aliyoandika muuzaji, hesabu zake na mbinu zake, yana ulinzi wa sheria, wala hatuyataki. Lakini karatasi iliyotolewa na ofisi yenyewe, ikapewa kila aliyetaka kushindana, ina siri gani tena? Sisi wa reli twajua makaratasi yakifichwa huwaje. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017. Juni 2020 Mahakama ya Rufani ikasema Shirika la Reli halikufuata sheria katika ununuzi wake. Na ni Novemba 2022 tu wananchi walipoonyeshwa baadhi ya mikataba ya mikopo. Kule Slovakia, tangu mwaka 2011, mkataba wa serikali usiotangazwa hauna nguvu.

Hatusemi watu wanakili kwa kufumba macho. Tumeona karatasi ya shule moja ya huku bara iliyotaka mabati ya kustahimili chumvi ya bahari. Bahari gani, Nzoia? Kwa hiyo karatasi ikipitishwa kwa mwenzio, iambatane na maelezo mafupi: kitu kilidumu miezi mingapi, kiliharibika wapi, na safari nyingine mngebadili nini. Maelezo hayo aliyevaa kiatu ndiye awezaye kuyatoa, na hapo chama kina kazi.

Twaomba mkutano huu ukubali barua mbili. Ya kwanza kwa ofisi zinazotununulia, zibadilishane karatasi zao za zamani; sheria yazitaka kuzitunza miaka 6 kwa uchache, basi zipo. Ya pili ni ombi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, ambayo lazima ijibiwe katika siku 21. Katibu anayo nakala ya ile karatasi ya viatu. Atakaye kuinakili aje na kalamu yake, maana kalamu ya ofisi imekwisha wino.